Njahi Kumi na Moja

Ilikuwa saa moja kamili asubuhi. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu redio ya jirani ilikuwa imetoa ile milio yake sita ya kabla ya taarifa ya habari, na mlio wa sita ulipokatika nilimsikia Baba akisema, kwa sauti ya chini ambayo hakuitumia kwa watu, "Inuka, Meja. Inuka, rafiki yangu."

Nilichungulia mlangoni mwa banda. Meja, farasi wetu, alikuwa amelala ubavu juu ya nyasi kavu, miguu ya mbele imenyooshwa, shingo imeinuliwa kidogo. Si ajabu farasi kulala chini. Ajabu ni farasi kutaka kuinuka na kushindwa. Alijaribu mara mbili. Kila mara kwato za mbele zilishika ardhi, mwili ukapanda nusu, kisha nyuma ikakataa. Mara ya tatu Baba alimwekea bega kwenye paja akasukuma, na Meja akasimama, anatetemeka, akitazama ukuta kama mtu aliyeona haya.

Siku zote nilikuwa nikidhani nimeisahau asubuhi ile. Mwezi uliopita nilikuwa katika duka la dawa za mifugo pale Njoro, nimefuata dawa ya mbwa wetu ambaye amezeeka, na mteja mmoja akamwaga molasi sakafuni. Ile harufu nzito, tamu, yenye kitu cha kuungua ndani yake, ilinirudisha bandani mara moja. Jioni ile nilitafuta mkebe fulani juu ya kabati, nikaupata, na nimekuwa nikiandika haya tangu hapo.

Meja alikuwa ameachwa. Shamba kubwa lililotuzunguka lilipokatwa vipande na kuuzwa, mwenye shamba, mama mzee wa Kizungu, alimwachia Baba vitu viwili: farasi huyo na brashi ya kumsugulia. Baba alikuwa saisi wake tangu ujana, kazi yake kutunza farasi, kuwalisha, kuwaosha, kuwatembeza. Siku hizo walikuwa farasi kumi na wawili. Sasa alibaki mmoja, kwenye ekari zetu mbili, kati ya majirani wenye ng'ombe na punda. Watu walicheka. Punda angevuta vizuri zaidi na kula kidogo zaidi. Lakini kwa miaka saba Meja alivuta mkokoteni wa maziwa kutoka kwetu hadi barabarani, kichwa juu, kama mstaafu aliyevaa koti lake la zamani kwenda kuchota maji. Kwa sababu ya jina lake niliamini aliwahi kuwa jeshini. Nilikuwa na miaka tisa, na nilipompita asubuhi nilimpigia saluti.

Daktari wa mifugo alikuja siku ya tatu, mwanamke mfupi mwenye gambuti za kijani na sauti ya mwalimu. Alimfungua Meja mdomo, akamshika kwato moja baada ya nyingine, akamwambia Baba naye ashike.

"Unasikia hiyo moto?"

"Nasikia."

"Hizo kwato zinamuuma kila akikanyaga. Meno nayo yamekwisha. Ana miaka ngapi?"

"Ishirini na nane. Ama tisa."

"Mzee, huyu ni babu wa watu." Alifuta mikono kwenye koti. "Sasa unataka nikuambie nini?"

"Nataka uniambie siku," Baba akasema.

Nilijua siku ipi. Nilikuwa nimemsikia akimweleza Mama usiku uliotangulia kwamba itabidi Meja achomwe sindano ya mwisho, asizidi kuteseka.

"Siku siwezi kukuambia," daktari akasema. "Mimi niko hapa nusu saa, wewe uko naye kila siku. Lakini moyo wako utakudanganya. Utaona siku moja nzuri usahau kumi mbaya. Kwa hivyo usiuulize moyo. Kila jioni jiulize maneno matatu. Amekula akamaliza? Ameinuka bila kusaidiwa? Amekuja ulipomwita? Mawili yakiwa ndiyo, weka punje ya mahindi kwa mkebe. Mawili yakiwa hapana, weka njahi. Jumapili unahesabu. Njahi zikipita mahindi, nitumie mtu, nije."

Baba hakusoma sana, lakini alikuwa mtu wa kufuata maagizo hadi mwisho. Jioni ile alitoa mkebe mtupu wa majani ya chai, akauosha, akaukausha, akauweka juu ya boriti ya ukuta wa banda. Kando yake akaweka vifuko viwili: mahindi meupe, na njahi, aina ya maharagwe, zile nyeusi zenye mstari mweupe mgongoni, ambazo Mama alikuwa ameziweka kama mbegu.  Kisha akachukua njahi moja na kuidondosha. Ililia kwenye bati kama jiwe dogo.

Hapa ndipo nilipokosea, na ni lazima nieleze kosa langu sawasawa, kwa sababu lilikuwa na mantiki yake. Muhula ule mwalimu wetu alikuwa ametuchagulisha monita kwa punje. Kila mtoto alidondosha mkebeni hindi au haragwe, mahindi ya mgombea huyu, maharagwe ya yule, na aliyepata nyingi akawa monita. Kwa hiyo nilipouona mkebe wa Baba, niliufahamu mara moja. Ulikuwa uchaguzi. Meja alikuwa upande mmoja, kifo upande wa pili, na kila njahi ilikuwa kura ya kumuua. Sikuelewa kwamba mkebe ulikuwa unaandika yaliyokwisha kutokea. Nilidhani unaamua yatakayokuja.

Basi niliiba kura.

Sikuiba zote, kwa sababu nilijua Baba angeshuku. Wiki ya kwanza nilichukua mbili, ya pili tatu, na kadiri njahi zilivyoongezeka ndivyo nilivyolazimika kuchukua zaidi. Nilifanya hivyo asubuhi, Baba akiwa anakamua, kabla sijaenda shule. Nilitoa njahi, nikaweka hindi mahali pake ili idadi isibadilike. Njahi sikuweza kuitupa, kuku wangeifukua na Mama angeiona. Niliipeleka kwenye lundo la samadi nyuma ya banda, nikaisukuma ndani kwa kidole hadi kifundo cha pili. Na kwa kuwa hata wakati huo nilipenda mambo yapangike, niliziweka kwa mstari, urefu wa unyayo wangu mmoja kati ya njahi na njahi.

Kila Jumapili tukitoka kanisani Baba alimimina punje juu ya gunia, akazitenga kwa kidole. Mahindi yalishinda. Jumapili ya pili yalishinda. Jumapili ya tatu yalishinda. Baba alizitazama, akamtazama Meja, akazitazama tena.

Mimi nami nilikuwa na swali langu. Mbona Meja anashinda, lakini haponi?

Maana hakuwa anapona. Alitafuna majani, kisha yakamdondoka mdomoni yakiwa vidonge vya kijani, nusu yametafunwa, nusu mazima. Baba alimlainishia pumba kwa maji moto na molasi, akamlisha kwa mkono. Mifupa ya nyonga ilijitokeza, na kwa sababu ya kulala sana upande mmoja ngozi ya hapo ikachubuka. Asubuhi nyingine Baba na jirani walipitisha gunia chini ya tumbo lake ili wamwinue. Alipiga mguno ambao sikuwahi kuusikia kwa mnyama. Nilikwenda shule nikijiambia kwamba kura bado ziko sawa.

Katika wiki hiyo ya tatu alikuja mnunuzi tuliyemwita Mizani, kwa sababu alikuwa akimtazama mnyama kwa jicho moja na kutaja kilo zake. Alinunua ng'ombe waliozeeka na chochote kilichokuwa na nyama. Aliegesha lori lake dogo langoni, akaingia akitafuna muwa.

"Mzee, hii kitu imekuishia mikononi."

"Habari yako pia," Baba akasema.

"Nzuri, nzuri. Sikiza. Nakupea elfu moja mia mbili, leo, mkononi. Ikikufa yenyewe nakupea mia tatu, na hiyo ni ya heshima tu."

"Unampeleka wapi?"

"Kuna mtu wa mbwa huko pande za Gilgil. Mbwa arobaini, mzee. Zinakula kuliko shule ya bweni."

Mama alikuwa mlangoni mwa jiko, mikono ina unga. Jiko letu lilikuwa la nyasi na lilivuja, na masika yalikuwa yameanza kunukia hewani. "Baba watoto," akasema, si kwa ukali, "elfu moja mia mbili ni mabati ya jiko lote."

"Najua."

"Mimi nasema tu."

"Nimesikia, mama watoto." Baba alimgeukia Mizani. "Huyu hawezi kutembea hadi kwa lori."

"Hiyo isikusumbue. Tutamfunga kamba tumvute. Niko na vijana."

Mizani alimaliza kipande cha muwa na kukitema. "Hapana," Baba akasema. "Havutwi. Halafu mkebe bado unasema ana siku."

"Mkebe?" Mizani alicheka hadi akashika lango. "Mama, huyu mzee wako ameanza kusikiza mikebe! Mpeleke kwa daktari wa watu."

Mama hakucheka. Wala mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya tangi la maji, na nilijiona shujaa. Kura zangu zilikuwa zimemfukuza mtu wa mbwa.

Mvua ilinyesha usiku ule, ya kwanza, na ikanyesha siku nne. Jiko likavuja. Sakafu ya banda ikawa tope, na Meja akalala ndani ya tope, na safari hii walihitajika wanaume wanne.

Jumapili ya nne Baba alimimina punje. Mahindi ishirini, njahi nane. Alizihesabu mara mbili kisha akazirudisha mkebeni, akachukua uma na kwenda nyuma ya banda kutupa samadi. Nilisikia uma ukigota chini. Kisha sikusikia chochote.

"Mama," akaita. Nilikuwa nimepewa jina la mama yake, na ndivyo alivyoniita siku zote. "Kuja hapa."

Juu ya lundo la samadi, kwenye ule udongo mweusi wenye joto, palikuwa na mstari wa miche. Kila mmoja ulikuwa na shina nene na majani mawili yaliyofunguka kama viganja. Umbali kati ya mche na mche ulikuwa sawa kabisa.

"Nani amepanda njahi kwa samadi?"

Baba alichuchumaa, akaigusa mmoja mmoja. Nilimwona akiangalia mguu wangu, kisha nafasi kati ya miche, kisha mguu wangu tena.

"Tisa," akasema.

"Kumi na moja, Baba," nikasema. "Mbili hazijaota."

Hadi leo sina hakika kwa nini nilisema hivyo. Nadhani ni kwa sababu hesabu ilikuwa imekosewa, na sikuweza kuiacha.

Baba aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilisubiri kofi. Badala yake alianza kuhesabu kwa sauti, polepole, kama ilivyokuwa tabia yake. Ishirini toa kumi na moja, tisa. Nane jumlisha kumi na moja, kumi na tisa. "Siku nzuri tisa," akasema. "Mbaya kumi na tisa."

Ndipo nikaelewa. Sijui jinsi ya kulieleza jambo hili isipokuwa hivi: nilizitazama namba zile mbili, na kwa mara ya kwanza sikuona kura. Niliona asubuhi. Niliona lile gunia chini ya tumbo, ule mguno, lile tope. Kila njahi niliyoizika ilikuwa asubuhi moja ambayo Meja aliipitia kweli, nami nilikuwa nimeificha ili isimsaidie mtu yeyote kumhurumia.

Nikaanza kulia. "Nimemuua, Baba?"

"Hapana. Umemchelewesha." Akauchomeka uma ardhini. "Na si wewe peke yako. Mimi ndiye naweka hizo njahi. Alhamisi niliweka, Ijumaa nikaweka. Jumapili nikimimina, mkono wangu unakumbuka kuwa ni nyingi kuliko hizi. Mimi si mjinga, mama. Niliona nikanyamaza, kwa sababu nilipenda vile mkebe ulikuwa unasema. Wewe uliiba, mimi nikaangalia kando. Lakini aliyelipa ni yeye."

"Tumwombe msamaha?"

"Maneno ya nini kwa farasi? Tufanye kile tulikuwa tufanye."

Jumatatu alimpa dereva wa lori la maziwa ujumbe wa kumpelekea daktari. Jibu likarudi jioni: Jumatano, saa nne.

Jumatano niliamka kabla ya wote. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika. Jua lilikuwa linatoka upande wa Menengai, na kila kitu, nyasi, waya za ua, mgongo wa banda, kilikuwa kinatoa mvuke. Na Meja alikuwa amesimama. Hakuna gunia, hakuna wanaume wanne. Alikuwa amesimama mwenyewe, kichwa nje ya mlango, macho nusu yamefungwa, anaota jua.

Nilikimbia hadi kwa Baba kule alikokuwa akikamua. "Baba, ameinuka! Ameinuka peke yake! Leo ni siku nzuri, mwambie daktari arudi!"

Aliendelea kukamua hadi chuchu ikakauka. Kisha akasema, "Ndiyo siku nilikuwa naomba."

"Lakini ni nzuri!"

"Ndiyo maana. Ungetaka aondoke akiwa chini, kwa tope, anaogopa, watu wanapiga kelele? Siku mbaya hazikosi, mama, hata kesho tutapata. Nzuri ndiyo ngumu kupata. Hii tumepewa. Tumpe."

Sikukubali, nami sitadanganya kwamba nilikubali. Lakini nilichukua brashi. Tulimsugua Meja pamoja, Baba upande wa kulia, mimi wa kushoto kwa kuwa ndio uliokuwa na kidonda na mkono wangu ulikuwa mwepesi. Mama alikuja na karai la pumba na molasi, vuguvugu, na nikaona ametia sukari yetu ya chai ndani. Alimsogezea karai akasema, "Haya, Meja, kula ya wageni." Akala yote. Akalilamba karai hadi likasogea ardhini.

Daktari alipofika, Baba alisimama hatua ishirini kutoka banda, uwanjani penye nyasi, akaita jina lake mara moja. Meja akaenda. Polepole, akichagua mahali pa kukanyaga, lakini alienda mwenyewe, bila hatamu, hadi akaweka paji la uso kifuani mwa Baba, mahali pake pa siku zote. Amekula akamaliza. Ameinuka bila kusaidiwa. Amekuja alipoitwa.

"Mama," Baba akasema bila kugeuka, "lete hindi uweke."

Nilikwenda bandani, nikachukua punje moja nyeupe, nikaidondosha mkebeni. Ilikuwa mara ya kwanza kuweka kitu humo bila kuiba.

Sindano ilikuwa shingoni. Meja alivuta pumzi ndefu, magoti yakalegea, na Baba akashuka naye, mkono chini ya taya, hadi chini. Ilikuwa fupi kuliko nilivyoogopa. Nilimpigia saluti. Hakuna aliyecheka.

"Nyama isiliwe na kitu chochote," daktari akasema akifunga mkoba wake. "Hata mbwa. Dawa ingali ndani. Mzike kina kirefu."

Majirani walewale waliotucheka kwa kufuga farasi walikuja na majembe. Walichimba tangu saa sita hadi jua lilipoanza kushuka. Mmoja alisimama ndani ya shimo, kichwa hakionekani, akapaza sauti kutoka chini: "Baba yangu mzazi hatukumchimbia hata nusu ya hii!" Wote wakaangua kicheko, Baba naye, na kicheko hicho ndicho kilichomfanya hatimaye atoe machozi.

Miche ilibaki. Baba aliihamisha mmoja mmoja, pamoja na ile miwili iliyochelewa kuota, akaipanda kuzunguka kaburi, na akaniachia mimi nipime nafasi. Ilitambaa, ikatoa maua ya zambarau, ikazaa. Mama aliweka mbegu, akapanda msimu uliofuata, na uliofuata. Mimi nimezipanda kwangu hadi leo. Mkebe ule ndio nimeuosha juzijuzi kwa ajili ya mbwa wetu, na maneno matatu nimeyaandika kwenye karatasi ukutani. Mwanangu ananisaidia kuhesabu. Kufikia sasa mahindi yako mbele, kwa haki, na siku njahi zitakapoyapita tutajua la kufanya, na tutasubiri asubuhi yenye jua.

Jiko letu liliendelea kuvuja miaka miwili zaidi. Mama hakulalamika hata mara moja. Lakini kila alipopika njahi zile, akapakua, akatukabidhi sahani zetu chini ya nyasi zinazodondosha maji, alimtazama Baba kwa kona ya jicho na kutuambia, "Kuleni polepole, watoto. Hizi njahi ni za shilingi elfu moja na mia mbili."